Kinachookoa mradi wa nyuklia usipigwe ni Bunge au ni mlima?

Kasuku254

Wadau, habari za jioni. Jumamosi tuna mdahalo hapa mjini na mada ni hii: "Nguvu za kijeshi haziwezi kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia." Sisi tunaunga mkono. Wenzangu wanataka tujenge hoja yote juu ya sheria, kwamba kiongozi wa nchi ya kidemokrasia hawezi kutuma ndege kupiga kinu cha nchi nyingine bila idhini ya Bunge lake. Mimi naona hapo tutachapwa asubuhi na mapema. Juni 2025 Marekani ilipiga vituo vya nyuklia vya Iran, yaani Fordow, Natanz na Isfahan, bila kura hata moja ya Kongresi. Israeli ilipiga kinu cha Osirak kule Iraq 1981, ikapiga kinu cha al-Kibar kule Syria 2007, na dunia haikuanguka.

Maswali yangu mawili. Je, sheria za nyumbani zinabana kweli au ni pambo la ukutani? Na ukiziweka kando, ni kitu gani hasa kinachofanya shambulio lisimalize kazi? Naomba namba na mifano. "Vita ni vibaya" tayari ninayo.

WakiliMtaani

Kasuku, wenzako wameshika mkia wakidhani wameshika pembe, lakini ng'ombe ni huyo huyo. Sheria ina kazi, ila haifanyi kazi pale wanapodhani.

Chukua Marekani. Katiba yao, ibara ya 1 sehemu ya 8, inaiachia Kongresi mamlaka ya kutangaza vita. Mara ya mwisho mamlaka hayo yalitumika Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Tangu hapo wamepigana kwa maazimio ya idhini, kama lile la Iraq la Oktoba 2002 (296 kwa 133 katika Baraza la Wawakilishi, 77 kwa 23 katika Seneti), au wamepigana bila chochote.

Sheria ya Mamlaka ya Vita ya Novemba 1973, iliyopita licha ya Nixon kuikataa, ndiyo wenzako wataishika. Waambie waisome polepole. Inamtaka rais aiarifu Kongresi ndani ya saa 48 baada ya kuingiza majeshi katika uhasama, kisha aache ndani ya siku 60 asipopewa idhini, na anaweza kuongezewa siku 30 za kuwaondoa askari salama. Ndege zilizopiga Fordow ziliruka kutoka Missouri na kurudi kwa takriban saa 37. Safari nzima ni fupi kuliko muda wa kuandika barua! Sheria hiyo ilitungwa na watu waliokuwa wakiitazama Vietnam, vita vinavyoburuta miguu miaka na miaka. Usiku mmoja hauioni.

Mawakili wa serikali nao wana mlango wao. Aprili 2011, wakati wa Libya, Wizara ya Sheria ilishauri kwamba rais anaweza kuanza peke yake iwapo kuna maslahi ya taifa, na iwapo operesheni kwa aina yake, upeo wake na muda wake haifikii "vita" katika maana ya Katiba. Siku 60 zilipopita, serikali ikadai kwamba kurusha mabomu bila askari ardhini na bila hatari kubwa kwao si "uhasama" unaotajwa na sheria. Kosovo 1999 ilikwenda siku 78. Wawakilishi walipopiga kura kuidhinisha vita vile vya anga wakatoka sare 213 kwa 213, maana yake idhini haikupatikana, na ndege ziliendelea kuruka.

Kongresi ikitaka kumzuia? Mwaka 1983, katika kesi ya Chadha, Mahakama ya Juu ilibatilisha njia ya mabunge kufuta uamuzi wa serikali kwa azimio lisilopelekwa kwa rais. Kwa hiyo azimio la kusimamisha vita linahitaji saini ya yule yule anayepigana. Akilikataa, zinatakiwa theluthi mbili, yaani maseneta 67 na wawakilishi 290 kama wote wapo. Hilo limeshajaribiwa kuhusu Iran: Februari 2020 Seneti ilipitisha azimio kwa 55 kwa 45, Wawakilishi wakalipitisha, Trump akalikataa Mei, na jaribio la kumshinda likaambulia 49 kwa 44. Siku chache baada ya Fordow, tarehe 27 Juni 2025, azimio jingine lilianguka Seneti kwa 47 kwa 53. Mahakamani usiende. Wabunge walioshtaki kuhusu Kosovo waliambiwa hawana haki ya kufungua kesi.

Mpaka hapo upande wa pili unashangilia. Sasa wageuzie kibao. Pengo lote hilo linampa rais nafasi ya pigo fupi, la anga, lisilo na askari ardhini. Kwa kazi inayozidi hapo, yaani kurudia mapigo kwa miezi, kuingiza vikosi kushika mahandaki, au kuikalia nchi, anahitaji pesa za nyongeza, na pesa zinatoka Kongresi. Anahitaji askari wa akiba, na anahitaji mataifa jirani yamfungulie anga na bandari. Swali lako la pili, nadhani Injinia atalijibu vizuri kuliko mimi, lakini jibu fupi ni kwamba pigo fupi halimalizi mradi. Anachoruhusiwa kufanya peke yake ndicho kisichotosha.

Mfano mzuri kuliko wote wala hauko Washington, uko Ankara. Tarehe 1 Machi 2003 Bunge la Uturuki lilipigia kura ombi la kupokea askari wa Marekani wapatao 62,000 ili waingie Iraq kutoka kaskazini. Waliounga mkono 264, waliopinga 250, na 19 hawakuegemea upande. Walio wengi waliunga mkono, ila kanuni ilitaka zaidi ya nusu ya waliohudhuria, yaani 267. Kura tatu. Meli za Divisheni ya 4 ya Marekani zilikuwa zinasubiri nje ya pwani na vifaru ndani, ikabidi zizunguke hadi Ghuba. Na vita vile viliuzwa kama vita vya kuzuia silaha za maangamizi, pamoja na za nyuklia.

Injinia_Umoja

Asante Wakili kwa kuniachia mzigo. Kasuku, nitaanza na hesabu ya mchele halafu ndipo twende mlimani, kwa sababu bila hesabu hiyo watu hudhani kinachopigwa ni jengo.

Urani ya asili: katika punje 1,000, punje 7 tu ndizo zinazofaa (U-235), na 993 ni makapi. Kurutubisha ni kupepeta. Ukitoa makapi 860 umefika karibu asilimia 5, kiwango cha mafuta ya vinu vya umeme. Ukitoa mengine 105 uko asilimia 20. Toa 23, uko karibu asilimia 60. Toa 4 tu, uko karibu 90, kiwango cha silaha. Tazama 860, 105, 23, 4. Kazi ngumu yote iko mwanzoni. Aliyefika 60 anaweza kumalizia kwa mashine chache, mahali padogo.

Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, IAEA, lilikadiria kwamba tarehe 13 Juni 2025, siku Israeli ilipoanza mashambulizi, Iran ilikuwa na kilo 440.9 za urani ya asilimia 60. Kwa kipimo cha shirika hilo, kilo 42 hivi za kiwango hicho zikirutubishwa zaidi zinatosha bomu moja. Gawanya mwenyewe. Mzigo huo hukaa kama kemikali ya UF6 ndani ya mitungi ambayo watu wanaweza kuibeba na kuipakia kwenye magari ya kawaida. Picha ya setilaiti haikuonyeshi kilichomo ndani ya lori.

Sasa mlima. Fordow iko karibu na Qom, na ukumbi wake unakadiriwa kuwa mita 80 hadi 90 chini ya mwamba. Bomu zito kuliko yote yasiyo ya nyuklia ya kupenya ardhini ni GBU-57 la Marekani: tani 13.6, urefu mita 6 na ushei. Sehemu kubwa ya uzito huo ni chuma, baruti ni tani 2.4 hivi. Kwa kawaida husemwa linapenya takriban mita 60 kabla ya kulipuka, na hiyo inategemea ugumu wa mwamba. Piga hesabu: bomu moja halifiki. Ndiyo sababu walilenga mashimo mawili ya kupitishia hewa, mabomu 6 kila shimo. La kwanza kuvunja mfuniko wa zege, yanayofuata kushuka ndani ya shimo lile lile kwa kasi ya zaidi ya mita 300 kwa sekunde, la mwisho akiba. Jumla 12 Fordow, 2 Natanz. Isfahan ilipigwa kwa makombora ya Tomahawk zaidi ya 24 kutoka kwenye nyambizi.

Ndege inayobeba bomu hilo vitani ni B-2 peke yake, mabomu mawili kila moja, na Marekani nzima ina B-2 19. Saba zilitumika kwa usiku mmoja, pamoja na msafara wa ndege zaidi ya 100 za kuzisindikiza, za kujaza mafuta angani na za kupoteza maboya. Israeli haina ndege hiyo wala bomu hilo. Ndiyo maana kwa miaka mingi mjadala wao wa ndani haukuwa "tupige au tusipige" tu, ulikuwa pia "tukipiga, Fordow tutaifanya nini?" Na wapangaji wa Marekani waliichunguza Fordow kwa takriban miaka 15 ili kupata mashimo hayo mawili. Mlima mpya, wenye matundu ya hewa yaliyopinda na milango mingi, ni kazi ya kuanza upya.

Yanayoharibika baada ya hapo:

Tathmini. Kutoka juu unaona matundu sita kwenye mgongo wa mlima. Huoni ukumbi. Ripoti ya awali ya ujasusi wa jeshi la Marekani iliyovuja ilitaja kurudishwa nyuma kwa miezi. Baada ya wiki moja hivi Pentagon ikasema mwaka mmoja hadi miwili. Jengo lile lile, wapimaji wale wale, tofauti inaweza kuzidi mwaka.

Mashine. Mashinepewa, yale mapipa membamba yanayozunguka kwa kasi kupepeta gesi, hutengenezwa kwenye karakana zinazoweza kuwa popote penye umeme na mafundi. Tangu Februari 2021 IAEA haijaweza kufuatilia utengenezaji wake, na Juni 2022 Iran iliondoa kamera 27. Kwa hiyo hata ukivunja kila mashine iliyo kwenye kumbi zinazojulikana, hujui zilizo stoo ni ngapi.

Wahesabuji. Hili watu hulipita haraka na ndilo linaloniudhi. Tarehe 25 Juni 2025 Bunge la Iran lilipitisha sheria ya kusitisha ushirikiano na IAEA, na rais wao akaitia saini 2 Julai. Wakili, ongeza hilo kwenye orodha yako ya sheria za nyumbani: anayepigwa naye ana Bunge. Wakaguzi ndio waliokuwa wanajua mzigo uko mtungi gani, umefungwa muhuri gani. Bomu halihesabu kilo.

Kuhusu sumu, usidanganywe na picha za Chernobyl. Urani iliyorutubishwa ikimwagika hatari kubwa ni ya kemia: UF6 ikikutana na unyevu hewani hutoa asidi kali ya floridi, inayoumiza mapafu ya walio karibu. Natanz ilipopigwa, IAEA ilitaja uchafuzi ndani ya eneo, nje vipimo vikabaki vya kawaida. Bushehr, kinu cha umeme cha Iran, ni kisa kingine kabisa. Kina megawati 1,000, ni kinu chenye mafuta yaliyotumika, ukingoni mwa Ghuba ambamo Kuwait, Qatar na Emirati huchota maji ya kusafisha chumvi na kunywa. Hakuna mpangaji mwenye akili timamu anayekiweka kwenye orodha.

BintiPwani

Injinia, nakubaliana nawe, ila umeanza na lengo lililokwisha kujulikana. Tatizo kubwa linatangulia hapo: kujua cha kupiga.

Kasuku, beba Iraq 1991 kama silaha yako kuu. Vita vilipoanza Januari, orodha ya wapangaji wa anga ilikuwa na malengo 2 ya nyuklia. Baada ya vita wakaguzi walikuta zaidi ya 20. Marekani ilikuwa na anga yote, wiki sita za mabomu na setilaiti ikitazama usiku na mchana, na bado sehemu kubwa ya mradi haikujulikana ipo. Hata kituo cha Tuwaitha kilichojulikana kilisumbua. Shambulio la mchana la ndege za F-16 tarehe 19 Januari lilikuta moshi uliowashwa makusudi kuficha majengo, mbili zikapotea, na kazi ikaachiwa F-117 za usiku. Waliovunja mradi wenyewe walikuwa wakaguzi chini ya azimio 687 la Baraza la Usalama, kwa karatasi, sampuli na funguo. Septemba 1991 walizuiwa siku nne kwenye maegesho ya magari mjini Baghdad kwa sababu hawakukubali kurudisha nyaraka walizozikuta. Kituo cha al-Atheer kilibomolewa 1992 wao wakisimamia.

Hapo hapo ndipo siasa za nyumbani zinapoingia, kwa njia ambayo Wakili hakuitaja. Taarifa za ujasusi zina sheria yake isiyoandikwa: kiongozi hawezi kuzipita hadharani. Mwaka 2007 Israeli iliileta Washington picha za al-Kibar. Majasusi wa Marekani walikuwa na uhakika kwamba ni kinu, na walisema Korea Kaskazini imesaidia kukijenga, lakini uhakika kwamba kuna mradi wa silaha ulikuwa mdogo, kwa kuwa hawakuona kiwanda cha kuchambua plutoniamu. Bush, miaka minne baada ya Iraq, akakataa kupiga. Israeli ikapiga yenyewe tarehe 6 Septemba. Desemba mwaka huo huo ikatoka ripoti ya pamoja ya majasusi wa Marekani ikisema kwa uhakika mkubwa kwamba Iran ilisimamisha kazi ya kutengeneza silaha mwaka 2003. Bush mwenyewe aliandika baadaye kwamba ripoti hiyo ilimfunga mikono. Haikuwa sheria wala kura ya mtu yeyote, ilikuwa karatasi ya idara zake mwenyewe.

Na Israeli pia. Kati ya 2010 na 2012 Waziri Mkuu Netanyahu na waziri wake wa ulinzi, Ehud Barak, walitaka kupiga Iran. Sheria haikuwazuia, kwani baraza la mawaziri ndilo linaloamua vita kule. Waliozuia ni mkuu wa jeshi Ashkenazi na mkuu wa shirika la ujasusi la Mossad, Dagan, waliopinga, na mawaziri ambao hawakuwa tayari kuinua mkono huku makamanda wanatikisa kichwa.

London nako, ingawa ile ilikuwa silaha za kemikali: tarehe 29 Agosti 2013 wabunge walikataa kwa 285 kwa 272 kuipiga Syria. Kisheria Waziri Mkuu Cameron hakulazimika kuomba. Aliomba kwa sababu kivuli cha vita vya Iraq vya 2003 kilikuwa kimetanda, akashindwa, siku mbili baadaye Obama naye akasema atapeleka suala Kongresi. Silaha zile, kama tani 1,300, zikaishia kutolewa kwa makubaliano.

MzeeBurma

Vijana mmeandika vizuri. Mimi naongeza jirani tu, maana kila mtu anamtazama anayepiga na anayepigwa.

1994 serikali ya Clinton ilikuwa na mpango mezani wa kupiga Yongbyon, kituo cha nyuklia cha Korea Kaskazini. Kinu kidogo cha megawati 5, mahali panajulikana, vijiti vya mafuta 8,000 hivi vimetolewa, kila kijiti kinahesabika. Hakuna mlima. Kiufundi kazi rahisi kuliko Fordow mara kumi. Haikufanyika, kwa sababu Seoul iko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka mpaka, mizinga ya Kaskazini imeelekezwa huko, na Rais Kim Young-sam hakutaka raia wake walipie. Carter akaenda Pyongyang Juni, makubaliano yakasainiwa Oktoba. Yalipovunjika, Kaskazini ikajitoa kwenye NPT, mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, Januari 2003 na kujaribu bomu tarehe 9 Oktoba 2006. Mwaka 2010 wakamwonyesha mwanasayansi Mmarekani ukumbi wa mashinepewa 2,000 pale pale Yongbyon, ambao nje haukujulikana.

Kwa Iran jirani ni mlango-bahari wa Hormuz. Karibu sehemu moja kwa tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita pale. Hata sisi Kenya: petroli na dizeli yetu yote inaingia ikiwa imesafishwa, sehemu kubwa kutoka Ghuba, na meli ikichelewa au bima ikipanda, EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, itakusomea bei mpya tarehe 14. Rais wa Marekani naye ana tarehe 14 yake, inaitwa uchaguzi.

Kasuku254

Mzee wangu, hiyo ya mwisho naiba. BintiPwani, dada, asante kwa Iraq, hiyo 2 dhidi ya 20 ndiyo itakuwa ufunguzi wetu.

Lakini upande wa pili watasema: basi Osirak na al-Kibar zilifaulu vipi? Syria haina bomu hadi leo.

Injinia_Umoja

Usikatae kwamba al-Kibar ilifaulu. Ukikataa utaonekana mkaidi. Sema ilifaulu kwa masharti, kisha uyahesabu kwa vidole: jengo moja, juu ya ardhi, bila pacha mahali pengine, kinu hakijawashwa, kwa hiyo hakuna mionzi, teknolojia ya kukodi kutoka nje, mafundi wa ndani wachache, na mwenye mali hataki kukiri kwamba alikuwa nacho. Assad alifukia eneo na kujenga jengo jingine juu yake. Israeli nayo ikanyamaza hadi Machi 2018. Ukimya wa pande mbili ndio ulioondoa haja ya kulipiza kisasi. Toa sharti moja tu kati ya hayo na hesabu inabadilika.

Osirak ilikuwa na karibu yote hayo: tarehe 7 Juni 1981, F-16 nane na mabomu 16 ya kilo 900 kila moja, F-15 sita zikilinda, kinu bado hakijatiwa mafuta. Ila ukimya haukuwepo, na Saddam alikuwa na pesa na wanasayansi wake. Mradi ulitoka kwenye kinu kimoja cha Wafaransa kilichokaguliwa, ukahamia kwenye urutubishaji wa siri kwa sumaku kubwa kule Tarmiya. Ndio ule ambao BintiPwani anasema haukuonekana 1991. Kwa hiyo pigo lililofaulu 1981 ni sehemu ya sababu ya orodha yenye malengo 2. Hapo watu wanabishana, wengine wanasema Saddam angeenda siri hata asingepigwa. Taja ubishi huo kabla hawajautaja wao.

WakiliMtaani

Nisahihishe kitu kimoja alichoandika Kasuku mwanzoni, "dunia haikuanguka". Baada ya Osirak, Baraza la Usalama lililaani kwa kauli moja katika azimio 487 la tarehe 19 Juni 1981, na Marekani ilipiga kura ya ndiyo. Reagan akasimamisha kwa muda kuipelekea Israeli F-16 mpya. Jaji wenu akiwa mwanasheria atakushika hapo.

Na kama watauliza "kwa nini Mkenya ajali?", usikimbilie bei ya mafuta tu. Katiba yetu, ibara ya 132(4)(e), inamtaka rais apate idhini ya Bunge kutangaza vita, na ibara ya 240(8) inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipate idhini hiyo hiyo kupeleka majeshi nje kulinda amani. Kwenye karatasi tuko wakali kuliko Wamarekani. Kwa vitendo, Oktoba 2011 majeshi yalivuka mpaka wa Somalia kwanza, serikali ikitaja haki ya kujilinda ya ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na idhini ya Bunge ya kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia, ikafuata baadaye. Lakini tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ilizuia polisi kwenda Haiti, ikisema 240(8) inahusu jeshi, haihusu polisi. Serikali ikatafuta mkataba na Haiti, ikausaini 1 Machi, na kikosi cha kwanza kikatua 25 Juni. Kwa hiyo mahakama ilichelewesha miezi mitano. Mlinganisho huo ni mzuri, kwa sababu mahakama za Marekani hazijawahi kuichelewesha ndege hata siku moja.

Kuna jingine ambalo sijaona mtu akilitumia mdahaloni. Mkataba wa Pelindaba, ulioifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia na kuanza kufanya kazi Julai 2009, unazikataza nchi wanachama katika ibara ya 11 kushambulia, kusaidia au kuhimiza shambulio dhidi ya mitambo ya nyuklia ndani ya eneo hilo, hata kwa silaha za kawaida. Ni ahadi ambayo mataifa yenyewe yamejiwekea, na nchi kama yetu inayopanga kinu cha umeme, Kilifi au Siaya kutegemea nani anaongea wiki hiyo, ina sababu ya kuijua.

BintiPwani

Wakili, ongeza tu kwamba Pelindaba inaishia kwenye mipaka ya Afrika, wasije wakaitumia kwa Iran wakaaibika. Kasuku, mkiulizwa namba ya ardhini, Iraq 2007 ilifikia askari wa Marekani karibu 170,000, na Iran ina eneo karibu mara nne ya Iraq. Iandike kubwa kwenye kadi yako, na 62,000 wa Uturuki chini yake.